Skrini moja, hali moja: mengine ni kujitafutia kesi

Kuna kitu nakikuta karibu kila apu ninayoitwa kuiangalia hapa Mbeya, iwe ya duka la pembejeo Mwanjelwa, iwe ya saccos, iwe ya hawa wanunuzi wa parachichi wa Rungwe, na leo naandika chote kwa mkupuo mana kukielezea kwa voisi noti za WhatsApp kumenichosha. Kitu chenyewe ni hali za skrini, steti kama tunavyoita kazini. Yani ile sehemu ya kodi (ya kompyuta, sio ya TRA) inayoamua saa hii mtumiaji aone nini: kiduara kinachozunguka, orodha, ujumbe wa era, au ukurasa mweupe usio na kitu.

Wengi wanaichukulia kama kazi ya kumalizia, kitu cha ijumaa jioni baada ya seva na databesi kukaa sawa. Mi naona hapo ndo penyewe. Mtumiaji haioni seva yako wala databesi yako, anaona skrini tu, na skrini ikimwambia kitu ambacho sio kweli basi kwake apu nzima ni ya uongo, hata kama huko nyuma umepanga vitu vizuri namna gani.

Ngoja nitoe mfano. Kuna apu ya kukusanya parachichi, niliikuta imeshaandikwa na watu wengine ambao siwataji. Wakala wa kijijini anapima mzigo wa mkulima kwenye mzani, anaingiza kilo, apu inapiga hesabu, jioni bosi wa mjini anaona jumla. Sa kuna mama mmoja wakala upande wa Busokelo alipiga simu, nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu na hapohapo akaanza: "Hii simu yenu inanichonganisha na watu. Asubuhi inasema hakuna mzigo, mkulima amesimama hapa ananiangalia, anasema nimefuta kilo zake. Nikikaa kidogo kilo zinarudi. Sa nani anazificha?"

Hakuna aliyezificha. Ile skrini ilikuwa na vigeuzi vyake vimekaa hivi, nimebadili majina tu:

var inapakia = false
var imekosea = false
var inarifreshi = false
var mizigo = emptyList<Mzigo>()

Sa fuatilia mwenyewe. Skrini inafunguka, inapakia bado ni false mana ombi la kwenda seva halijaanza, na halijaanza kwa sababu linasubiri kwanza tokeni ya kuingilia (kibali kinachoitambulisha apu kwa seva) ihuishwe, na tokeni yenyewe inahuishwa kwa mtandao, na mtandao ukishuka mabonde ya kule unajua wenyewe unavyokuwa. Kwa hiyo kodi ya kuchora skrini inauliza: inapakia? hapana. Kuna era? hapana. Orodha ina kitu? hapana. Haya, andika "Hakuna mzigo". Kwenye waifai ya ofisini huo muda ni kufumba na kufumbua, hamna anayeuona. Kijijini ni muda wa kutosha mkulima kukasirika na kuanza kutaja ukoo wa wakala.

Ukiangalia hizo buleani (vigeuzi vya ndiyo au hapana, true au false), kila moja peke yake haina shida, na ndo mana watu wanaendelea kuziongeza. Ila zikiwa nne, ukihesabu na ile ya orodha kuwa tupu, una michanganyiko 16. Ongeza ya tano, 32. Na kwa uhalisia ile skrini ina hali tano au sita tu zenye maana. Hizo nyingine zote ni vitu visivyotakiwa kuwepo, kama inapakia=true na imekosea=true kwa pamoja, ambapo mtumiaji anaona kiduara kinazunguka juu ya maandishi mekundu yanayosema imeshindikana. Daladala ya Uyole haiwezi kuwa imepaki Kabwe na huku iko Mlima Nyoka, iko sehemu moja. Skrini nayo iwe sehemu moja, na iwe kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa apu) ndo inayolazimisha hilo, sio kumbukumbu ya divelopa aliyekesha.

Kwenye Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android, mi naandika hivi:

sealed interface HaliYaMizigo {
  data object HaijaanzaKuomba : HaliYaMizigo
  data object Inapakia : HaliYaMizigo
  data object Tupu : HaliYaMizigo
  data class Ipo(val mizigo: List<Mzigo>, val usasa: Usasa) : HaliYaMizigo
  data class Imeshindikana(val sababu: Sababu) : HaliYaMizigo
}

Hiyo sealed maana yake orodha ya hali imefungwa, hamna nyingine nje ya hizo. Halafu kwenye kuchora unatumia when moja tu, ile inayochagua cha kuchora kwa kila hali, basi. Uzuri wake ni kwamba tangu Kotlin 1.7 ukisahau hali mojawapo ndani ya hiyo when kodi haikompaili kabisa, inakugomea. Kwenye Flutter, zana ya kujengea apu inayotumia lugha ya Dart, kitu hichohicho kimekuja na Dart 3, Mei 2023, una sealed na switch inayokagua kama umemaliza hali zote, kwa hiyo ile hoja ya "Dart haina" imeshakufa. Wa TypeScript mnaweka uga mmoja wa aina na muungano wa tipu (aina za data). Wa Swift mna enum zinazobeba data toka siku ya kwanza, nyie hamna kisingizio.

Na hii sio akili yangu. Watu wa lugha ya Elm walishalizungumza sana hili miaka ya 2015, 2016 huko, wakawa na tipu moja ya data inayotoka mbali yenye hali nne tu: haijaombwa, inapakia, imeshindikana, imefaulu. Angalia hiyo ya kwanza. Haijaombwa. Ndo hasa iliyokuwa imekosekana kwenye apu ya yule mama, watu wanairuka kwa sababu wanaona haijaombwa na tupu ni kitu kimoja, wote si hawana data? Hapana bwana. Mmoja hajauliza, mwingine ameuliza akajibiwa hamna. Kwa mkulima aliyesimama mbele ya mzani tofauti ya hivyo viwili ni hela yake.

Sasa hizo nne zinatosha ukiwa San Francisco. Huku hazitoshi, na hapa naomba nikae kidogo.

Hali ya kwanza ambayo mafunzo mengi ya YouTube hayaigusi ni ile ya kuwa na data ya zamani. Wakala alifungua apu jana usiku akiwa Tukuyu mjini, mizigo ikashuka ikakaa kwenye simu, leo yuko shambani, anafungua, kurifreshi kunagoma. Apu nyingi hapo zinafuta orodha nzuri iliyokuwepo na kuweka ukurasa mzima wa era na kitufe cha "jaribu tena". Yani mtu alikuwa na kitu, umemnyang'anya, kwa sababu tu hujafanikiwa kumpa kipya zaidi. Ndo mana kwenye Ipo nimeweka huo usasa ndani, ambao nao una hali zake: ni mpya, inasasishwa, au ni ya tangu muda fulani na jaribio la mwisho liligoma. Orodha inabaki palepale, juu yake unaweka mstari mdogo, "Taarifa za jana saa 2 usiku, mtandao haupatikani". Mtu anaendelea na kazi yake akijua anachokiangalia kina umri gani.

Wengine wataniambia hapo umerudisha mchanganyiko uleule kwa mlango wa nyuma. Sio kweli, mana usasa unaishi ndani ya Ipo tu. Huwezi kuwa na usasa wa kitu ambacho hakipo. Buleani zilizolala pembeni pembeni haziwezi kukupa hiyo.

Utupu nao sio mmoja. Kuna utupu wa mtu mgeni ambaye hajawahi kuingiza mzigo, huyu mpe maelekezo na kitufe kikubwa cha kuanzia. Kuna utupu wa kichujio, amechagua "Hass (aina ya parachichi), wiki hii, Kiwira" na kweli hamna, huyu mwambie hamna kwa kichujio hicho na umpe njia ya kukiondoa. Ukiwapa wote "Hakuna mzigo" yule wa kichujio atadhani data yake imepotea, atapiga simu, na simu utapokea wewe.

Kuna na hali ya kitu chenyewe kimoja kimoja, sio skrini nzima. Mzigo umeingizwa oflaini, upo kwenye simu, haujafika seva. Huo unahitaji alama yake kwenye mstari wake: unasubiri kutumwa, unatumwa, umefika, umekataliwa. Kule Njombe tulikuta kijana wakala anasoma "Imehifadhiwa" na anaelewa bosi ameshaona, na mi simlaumu, neno linasema hivyo. Tukaandika "Bado haijafika ofisini" na rangi ya njano, maswali yakaisha siku hiyohiyo. Kukataliwa pia usikusahau, mana seva inaweza kukataa kilo zilizopita kiwango au mkulima aliyeondolewa kwenye daftari, na kama hukuweka hali ya kukataliwa ule mzigo utakuwa unajaribu kwenda milele huku unakula bando la mtu.

Haya, malipo. Hapa ndo nakuwa mkali, samahanini.

Malipo ya simu yanavyokwenda: apu yako inaiambia seva yako, seva inaomba kwa mtoa huduma, kwenye simu ya mteja kinatokea kile kiboksi cha kuweka namba ya siri, mteja anaweka, mtoa huduma anaijulisha seva yako baadae. Sa katikati ya hapo apu inasubiri, mtandao unakatika, muda unaisha. Kodi ya kawaida inafanya nini? Imeshika era, inaenda kwenye hali ya imeshindikana, inaandika "Malipo yameshindikana, jaribu tena" na kitufe cha kulipa kinarudi kuwa kijani. Mteja mtiifu anabonyeza, analipa mara ya pili. Kumbe ile ya kwanza ilishapita.

Muda kuisha hakumaanishi imeshindikana. Kunamaanisha hujui. Na hujui ni hali kamili inayostahili jina lake na sura yake kwenye skrini, sio tawi la era. Mi naiita HatujuiBado, maandishi yake ni "Tunahakiki malipo yako, usilipe tena kwanza", na kitufe kilichopo hapo ni cha kuangalia majibu, cha kulipa hakipo kabisa, sio kimefifishwa, hakipo. Kutoka HatujuiBado unaenda Imelipwa au Imekataliwa pale seva itakapokuwa na jibu la uhakika, hamna njia ya kurudi mwanzo moja kwa moja. Na chini yake kila jaribio la malipo linabeba namba yake ya kipekee iliyotengenezwa kabla ya ombi kutoka, ili hata ombi lilelile likifika seva mara mbili lihesabiwe moja. Skrini nzuri bila hiyo namba ni mapambo.

Kwenye vitu vya namna hii, ambapo swali sio tu uko hali gani bali unaruhusiwa kwenda hali gani kutoka hapo ulipo, chora. Chukua karatasi, viduara na mishale. David Harel alichapisha mwaka 1987 namna yake ya kuchora hali zilizo ndani ya hali, wazo lililotokana na kazi ya kuwashauri wahandisi wa mifumo ya ndege ya kivita ya Lavi kule Israel, na mpaka leo laibrari (kodi iliyoandikwa tayari) kama XState zinasimama juu ya msingi huo. Kwa orodha ya mizigo huhitaji mzigo wote huo, sealed inakutosha. Kwa malipo, au kwa fomu ya hatua nyingi, chora, mana ukianza kuchora mshale wa "mtandao umekatika" kutoka kila kiduara ndo unagundua viduara vingine hujawahi kuvifikiria.

Tugeuke upande wa pili, hali inakaa wapi. Hapa simu zetu zenyewe zinafundisha. Mawakala wengi wana simu za RAM ya GB 2, na mtiririko wa kazi ni huu: anaandika jina la mkulima, anaingiza kilo 87.5, halafu anabonyeza kupiga picha ya mzani. Kamera inafunguka, kamera ni nzito, simu inatafuta kumbukumbu, inaangalia nani yuko nyuma, ni apu yako, inaiua. Picha inapigwa, anarudi, fomu nyeupe. Anaanza upya. Mara hii anaruka picha, na wewe ofisini unashangaa kwa nini mawakala hawapigi picha, mnaitisha kikao cha kuwahamasisha.

Watu wa Android wanajua habari ya kugeuza simu, kwamba skrini ikilazwa Activity (kile kipande cha apu kinachobeba skrini) inabomolewa na kujengwa upya, na tangu Google walete ViewModel, sehemu ya kutunzia hali nje ya Activity, mwaka 2017 wengi wanaona hilo limeisha. Kwa kugeuza simu, sawa. Kwa mchakato (apu yote inayokimbia kwenye simu) kuuawa, ViewModel inakufa na wenzake. Inayobaki ni kile ulichoweka kwenye SavedStateHandle, au rememberSaveable kama uko Compose (zana ya kuchora skrini za Android), na hapo nako usijaze, mana njia inayopitisha hivyo vitu ina kikomo cha kama MB 1 kwa mchakato mzima, ukichomeka picha humo apu inaanguka. Weka njia ya faili la picha, sio picha.

Wa Flutter ndo wanajidanganya zaidi, na nasema hivi nikiwa naipenda Flutter. Kwa sababu mradi wa Flutter unavyozaliwa unaiambia Android isiibomoe Activity simu ikigeuzwa, mtu anageuza simu, kila kitu kiko palepale, anajisemea mimi niko salama. Haupo salama. Kamera ikifunguka kwenye simu ndogo unauawa kama wengine, na zana za kurudisha hali zipo kwenye Flutter ila miradi inayozitumia naiona kwa nadra.

Msimamo wangu kwa fomu za shambani ni mmoja: rasimu iende databesi ya ndani ya simu, SQLite, kila uga unapobadilika, baada ya kutulia kidogo. Sio kwenye kumbukumbu ya skrini. Kwa sababu hata hiyo hali iliyohifadhiwa na Android inafutika mtu akiifagia apu kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni, na watu wetu wanafagia sana, wameambiwa inaokoa chaji. Kilo za mkulima sio hali ya skrini, ni data. Hali ya skrini ni vitu kama orodha imeskroliwa mpaka wapi, kipanelo gani kimefunguliwa, kibodi iko juu au chini, hivyo vikipotea hakuna anayeenda polisi, viache kwenye wijeti (kipande cha skrini) yenyewe, usivipandishe juu kwenye stoo kuu ya apu nzima eti usafi. Nimeona mradi ambao kufungua menyu ndogo ya nukta tatu kunapita kwenye stoo ya dunia nzima na vifaili vitatu. Kwa faida ya nani?

Halafu kuna vitu ambavyo havitakiwi kuwa hali kabisa. Jumla ya hela ni kilo mara bei. Tuseme kilo 87.5 kwa 1,500 ni 131,250. Ukiihifadhi jumla kama kigeuzi chake, siku wakala akirekebisha kilo kuwa 78.5 na ukasahau kuipiga upya, skrini inaonyesha kilo 78.5 na jumla ya 131,250 badala ya 117,750, na mkulima mwenye akili yake ataikubali haraka sana hiyo jumla. Kinachoweza kukokotolewa kikokotolewe pale pale kwenye kuchora. React, laibrari ya kujengea kurasa za wavuti, ilipotoka mwaka 2013 ndo ililisambaza wazo hili, kwamba skrini ni matokeo ya hali, unabadili hali skrini inajichora, na Flutter, SwiftUI, Compose wote wakafuata njia hiyo. Lakini wazo linafanya kazi kama hali ni ndogo na ya kweli. Ukiweka nakala mbili za ukweli mmoja hata fremuweki mpya kiasi gani haikusaidii.

Ujumbe wa kutokea mara moja nao unasumbua. "Mzigo umeingizwa" inatokea chini, inapotea. Ukiuweka kwenye hali na kuusahau humo, kila skrini ikijengwa upya ujumbe unarudi, mtu anageuza simu anaambiwa mzigo umeingizwa, anadhani umeingia tena. Wengine wakakimbilia kuurusha kama tukio pembeni ya hali, nao wakakuta tukio likirushwa wakati skrini haipo hewani linapotelea huko. Mi nauweka kwenye hali, na skrini ikishauonyesha inatoa taarifa kwamba umeonekana, ndo unaondolewa. Ni mstari mmoja zaidi wa kodi, usiwe mvivu.

Na utafutaji, jamani. Sehemu ya kutafuta mkulima kwa jina, kila herufi ni ombi kwenda seva. Wakala anataka Mwakalinga. Anaandika "Mwa", seva inaletewa swali ambalo jibu lake ni nusu ya Rungwe, linachukua muda. Anaendelea mpaka "Mwakal", jibu dogo, linarudi haraka, orodha nzuri inaonekana, na wakati kidole kiko njiani kwenda kugusa jina, lile jibu zito la "Mwa" linafika na kufunika kila kitu. Anagusa mtu mwingine. Kilo zinaenda kwa mkulima mwingine. Kwenye mtandao wa kasi majibu yanarudi kwa mpangilio yalivyotoka mara nyingi kiasi kwamba huwezi kuliona hili, ndo mana linafika shambani likiwa hai. Dawa ni kulifuta ombi la zamani jipya likitoka, kwenye Kotlin flatMapLatest inakufanyia, pamoja na kusubiri mtu atulie kuandika, milisekunde 300 hivi. Au hali ya matokeo ibebe neno lililoulizwa, na jibu lisilolingana na neno lililopo sasa hivi kwenye kisanduku litupwe. Mi nafanya vyote viwili. Kilo za watu hizi.

Najua kuna watakaouliza nitumie laibrari gani ya kutunza hali, Bloc au Riverpod, Redux au nini. Kiukweli sijali sana, na naona vijana wengi hapa, hata hawa wanaotoka MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, na vichwa vizuri kabisa, wanatumia nguvu nyingi kwenye huo ubishi kuliko kwenye kuandika hali zenyewe. Unaweza kuwa na Bloc iliyonyooka kwa faili na folda zake zote, ukifungua ile klasi ya hali unakuta buleani saba zimekaa humo. Umehamisha tatizo umeliwekea uzio. Orodhesha hali kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida kwenye karatasi, mpe mtu asiye divelopa asome, akielewa ndo ufungue kompyuta. Laibrari chagua ile ambayo mwenzako atakayeirithi anaijua.

Kwenye testi, faida ya kuwa na hali zenye majina ni kwamba unaweza kuichora kila moja bila seva. Compose ina privyu, unatengeneza moja kwa kila hali, unaziona zote upande kwa upande, na unashangaa nyingine zilivyo mbaya mana hujawahi kuziona kwa macho yako, hasa ya HatujuiBado na ya kukataliwa. Kwa zile zinazotegemea simu yenyewe, tafuta simu ndogo ya kweli, sio emuleta iliyopewa RAM ya kompyuta. Washa ile ya kutotunza Activity kwenye mipangilio ya madivelopa, ila ujue hiyo inabomoa Activity na ViewModel yake tu, mchakato unabaki, kwa hiyo vilivyo kwenye kumbukumbu ya apu nzima vinabaki hai na kifo cha kweli bado hujakijaribu. Jaza fomu nusu, bonyeza kitufe cha nyumbani apu iende nyuma kwanza, kisha kutoka kwenye kompyuta piga adb shell am kill na jina la pakeji, mana hiyo amri haiui apu iliyoko mbele. Rudi kupitia orodha ya zilizofunguliwa karibuni. Kama kilo bado zipo, weka simu kwenye hali ya ndege katikati ya malipo uone skrini itasema nini.